Legea, Ndugu

Siku ya kwanza mwalimu wangu aliniambia neno moja, nikamwelewa vibaya, nikaenda zangu nyumbani. Ndivyo elimu yangu ya mapigano ya Kichina ilivyoanza, na sioni sababu ya kuupamba mwanzo huo.

Ilikuwa Jinja, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa kwenye uwanja wa majani nyuma ya nyumba za wafanyakazi za Walukuba, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mchina wa makamo, fundi aliyekuja na mashine za kufuma za kiwanda chetu cha nguo. Alinizunguka mara moja, akanishika bega, akasema, "Legea."

Nikamtazama. Akarudia, "Legea, ndugu. Legea kabisa."

Sasa huyu bwana alikuwa hana r kinywani. Habari kwake ilikuwa habali, barabara ilikuwa balabala, na suruali alizivaa kwa jina la suluali. Sisi kiwandani tulishazoea kumtafsiri: tulichukua kila l yake tukaigeuza r, maneno yakakaa sawa. Isitoshe mimi ni Mgisu, na kwetu l na r zinakaa nyumba moja, hakuna anayeuliza nani ameingia nani ametoka. Na kwetu Mbale, ambako Wakenya huja na bidhaa zao, "regea" maana yake ni rudi. Kwa hiyo nilifanya hesabu yangu ya kila siku na nikasikia: Regea. Regea kabisa. Rudi ulikotoka.

Nilirudi. Sikuaga. Nilitembea mpaka nyumbani nikimtukana kimoyomoyo, yeye na mashine zake. Niliona amenidharau kwa kunishika bega tu.

Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Nilidharauliwa na kila mtu. Aliyechelewa kunijibu salamu alinidharau, na aliyejibu upesi mno alinidharau pia. Nilikuwa na hasira za karibu na mkono mwepesi, na niliziita hizo uanaume. Kiwandani nilijizuia kwa sababu ya kazi. Nyumbani sikujizuia.

Mke wangu alikuwa Mteso, binti wa askari magereza aliyestaafu na kujenga Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Alikulia kwenye kota za askari, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya nyumbani. Yeye hakujua Kigisu, mimi Kiteso sikukijua, tukaoana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Nilimpiga. Ninalisema neno hilo hivyo hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikisema "tulikosana." Hatukukosana. Nilimpiga, zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ilikuwa kwa sababu aliniuliza swali nikiwa nimechoka.

Siku chache baada ya hapo, asubuhi, nilinyanyua mkono kuchukua kikombe kwenye rafu. Binti yetu wa miaka mitano alikuwa ameketi chini ya rafu hiyo akila muhogo. Muhogo ulimwanguka. Alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akabaki hivyo akiningoja nimalize. Mimi nimesimama na kikombe mkononi. Mke wangu alikuwa mlangoni, aliona yote. Ilipofika saa sita walikuwa wameshapanda taksi ya Mbale, na nguo zao hazikuwamo sandukuni.

Baba mkwe alinitumia ujumbe kupitia mtu wa kwao: nikionekana Nakaloke, atanifunza adabu jinsi alivyowafunza wafungwa, na wanawe wawili watamsaidia. Mtu mwenye akili angekaa chini akafikiri. Mimi nilifikiria vibanda vya video, ambako nilishaona mara nyingi mtu mmoja akiwaangusha kumi bila kuvua kofia. Nilijua kwamba Mchina wetu hutoka alfajiri kwenye uwanja wa majani na kucheza mikono polepole. Nikasema, huyu ndiye. Atanifundisha, niende Nakaloke niwaangushe wazee na vijana, nimrudishe mke wangu na mtoto wangu. Huo ndio uliokuwa mpango wangu, nami niliuona mzuri.

Siku ya tatu baada ya kuondoka kwangu uwanjani, fundi alikuja kwenye mashine yangu kiwandani. Kelele mle ndani zilikuwa za kumziba mtu masikio, ilibidi aniinamie.

"Ndugu, mbona uliondoka?"

"Si wewe bwana umesema niregee?"

Alikunja uso akifikiri. Halafu akaachia mabega yake yakashuka, mikono ikaning'inia, magoti yakapinda kidogo, mwili mzima ukawa kama nguo iliyotundikwa kwenye kamba. "Le-ge-a," alisema. "Hivi."

Nilipoelewa nilisikia aibu mpaka shingoni. Yeye alipoelewa nilichoelewa mimi, alicheka akashika fremu ya mashine asianguke. Tangu siku hiyo kila akinikuta mahali alikuwa ananiuliza, "Ndugu, umelegea?" nami nilikuwa sijui kama ananiuliza nimerudi au nimelegea. Nadhani hata yeye hakujua.

Kuhusu hilo neno ndugu. Kiswahili chake alikipata Tanzania, ujanani, alipokuwa mjenzi wa reli, na ukiondoa ile r kilikuwa kisafi kuliko chetu. Alituita wote ndugu. Jinja hakuna aliyemwita mwenzake hivyo. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, lugha ya afande, na watu wa rika langu wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani ikiwaamuru walale chini. Kuitwa ndugu kwa lugha ileile kulinichanganya. Mwanzoni nilidhani ananitania.

Nilirudi uwanjani. Nilitegemea ngumi na mateke. Akaniambia nisimame.

"Nimesimama," nilisema.

"Hujasimama. Simama."

Hapo naomba msomaji asiye wa kwetu anivumilie. Kwetu Wagisu, kusimama si jambo la miguu tu. Kijana wa imbalu, yaani tohara yetu, hukatwa akiwa amesimama mbele ya ukoo mzima, na hatakiwi kupepesa jicho. Akimaliza, watu husema, "Alisimama," na sifa yake imekwisha hapo, hahitaji nyingine. Mimi nilisimama. Ni jambo ambalo hakuna wa kuninyang'anya. Kwa hiyo Mchina aliponiambia simama, nilijua la kufanya kuliko mtu yeyote pale Jinja. Nilikaza magoti, nikakaza tumbo, nikakaza taya, nikabana pumzi, nikakodolea macho mwembe mmoja mbali nisiuache. Nilikuwa tayari kwa kisu.

Fundi alikuja mbele yangu akala karanga moja. Alikuwa na karanga mfukoni siku zote. Halafu akaniwekea kidole kifuani, kidole kimoja, akasukuma taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Nilikwenda chini kwa makalio, mzima mzima.

Nilisimama tena nikiwa nimewaka. Akanisukuma tena, nikaanguka tena. Mara ya tatu nilirusha ngumi. Sijui ilikwenda wapi. Alikuwa pale, halafu alikuwa pembeni, na ngumi yangu ilinivuta yenyewe hatua tatu mbele, mimi nikiifuata. Alisubiri nimalize kujikusanya.

"Ulisimama kwa ajili ya maumivu," alisema. "Hapa hakuna maumivu. Nani anakuja kukukata?"

Nilichukia swali lake mpaka jioni.

Basi nikaanza upya kujifunza kusimama, mtu mzima mwenye mtoto. Miguu upana wa mabega. Magoti yaliyopinda kidogo tu, asiweze mpita njia kuona. Nyonga zimeshuka kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti kirefu. Mikono imeinuliwa mbele kana kwamba umekumbatia mtungi. Kisha unakaa hapo. Pumzi unaiacha ishuke mpaka chini ya kitovu, na ukiona mahali pamekaza, unapaachia. Pangu palikuwa kila mahali. Nikiachia mabega, taya linakaza. Nikiachia taya, vidole vya miguu vinashika ardhi. Kulikuwa na siku nilitoka jasho kuliko mtu wa kubeba magunia, na sijasogea hata hatua moja.

Walukuba walishaamua kwamba mke wangu aliponiacha, akili ilimfuata. Majirani walipita wakienda kazini, wakanisalimia kwa sauti ya chini. Wanajeshi waliotoka upande wa Kimaka wakikimbia na nyimbo zao za asubuhi walituzomea kwa furaha, na mmoja alipiga kelele, "Wewe bwana, nani nakupa azabu hiyo? Umeiba nini?" Zamani ningemfuata. Sasa nilikuwa na kazi ya kuangalia bega langu la kulia, ambalo lilikuwa limepanda mara tu aliposema "umeiba."

Hilo bega nilikuja kulifahamu vizuri. Niligundua kwamba hasira zangu hazianzii kichwani wala moyoni nilikozitafuta. Zinaanzia pale, nyuma ya bega la kulia, kabla sijajua kwamba nimekasirika. Linapanda kidogo tu. Ukilikuta linapanda na ukaliachia, kuna nafasi fupi ya kuchagua. Usipolikuta, mkono umeshakwenda. Miaka thelathini na kitu niliishi na bega hilo na sikujua kazi yake.

Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye majani baada ya zoezi, nilimuuliza fundi alijifunza haya kwa nini. Nilitegemea vita, au adui, au babu aliyeuawa.

"Tumbo," alisema.

"Tumbo gani?"

"Tumbo langu lilikuwa baya. Kule kwenye leli kila nikila natapika. Mpishi wetu alikuwa mzee, akasema simama hivi kila asubuhi. Nikapona. Nikaendelea."

Nilisikitika kweli. Nilikuwa nimejikabidhi kwa bingwa, kumbe ni mgonjwa wa tumbo. Nikamuuliza kwa ukali kidogo ni lini basi tutafika kwenye kupiga. Ilikuwa miezi minne sasa, na nilikuwa na watu wananisubiri.

"Watu gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza Nakaloke, baba mkwe, mashemeji wawili, na jinsi nilivyotaka kuingia na kutoka. Nilipofika kwenye sababu ya mke wangu kuondoka nilianza kusema tulikosana. Fundi alikuwa ananiangalia huku anamenya karanga. Sijui ni kwa nini, lakini siku ile neno lilikataa kutoka. Nikasema, "Nilimpiga." Halafu nikaeleza habari ya kikombe na muhogo.

Hakunikemea. Ningependa anikemee. Alikunja karatasi ya karanga, akaiweka mfukoni, akaenda kazini, na kwa wiki moja hakuja uwanjani. Nilisimama peke yangu. Siku zote saba nilidhani amenifukuza, safari hii kweli.

Siku ya nane alikuja kwenye mashine yangu. Nilikuwa nimefunga mtande mpya, nyuzi mamia zimelala sambamba kutoka nyuma mpaka mbele, na kabla ya kuwasha nilifanya anachofanya kila mfumaji: niliweka mgongo wa kiganja juu ya nyuzi, nikabonyeza taratibu, nikapitisha toka kushoto hadi kulia. Ukibonyeza hivyo mkono unakwambia. Uzi uliokazwa mno utakatika, uliolegea mno utajisokota, na mahali pasipolingana na pengine unapasikia hata ukifumba macho. Hakuna chombo kinachopima vizuri kuliko mkono, na mkono wangu ulikuwa mmoja wa mikono mizuri pale kiwandani. Hata fundi alikuwa anauita pale anapokuwa na shaka na mtande.

"Unafanya nini?" aliniuliza.

"Nasikiliza nyuzi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Mkono gani?"

Nilitazama. Ulikuwa wa kulia, uleule niliompigia mke wangu. Fundi aliondoka na spana yake. Nilizima taa ya mashine, na sioni haya kusema kwamba nililia, na kelele za mashine nyingine zikanisitiri.

Kesho yake uwanjani alinianzishia zoezi jipya. Tulisimama tunatazamana, mgongo wa kiganja chake kwenye kifundo cha mkono wangu, akanisukuma polepole, nami kazi yangu ilikuwa kusikia. Si kuzuia, wala kukimbia. Kusikia anakotaka kwenda kabla hajafika, na kumpa nafasi. Nilipokaza aliniangusha. Nilipolegea ovyo kama mlenda aliniangusha pia, na akanikumbusha kwamba kulegea si kulala. Ilipofika mwezi wa nne wa kusukumana nilianza kusikia. Kuna asubuhi alisukuma, nikampisha, akapita hatua moja mbele yangu kama nilivyopita mimi siku ile ya ngumi. Aligeuka akacheka. Nilifurahi mno, na katikati ya furaha nikagundua kwamba sikutaka kumpiga mtu yeyote. Ule mpango wangu ulikuwa umekwisha, na sikumbuki siku ulipokwisha.

Nilikwenda Nakaloke Jumapili iliyofuata, baada ya ibada.

Baba mkwe alikuwa uani kwake akinyoosha mabati. Alikuwa mrefu, mgongo bado wa gwaride, na amevaa suruali ya kaki ya kazini iliyopauka. Aliponiona aliweka nyundo chini.

"Simama hapo hapo!"

Nikasimama. Shemeji mmoja alitoka nyumba ya nyuma, akakaa kizingitini. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na ndani yake nilijua kuna mtu, kwa sababu kisu kilichokuwa kinakata mboga kilinyamaza.

"Wewe nakuja kufanya nini hapa?"

"Afande, nimekuja kuomba msamaha."

"Musamaha!" Alinijia. "Mimi nakupa mutoto yangu muzima. Wewe nafanya yeye ngoma. Unapiga, unapiga. Sasa piga mimi. Piga!"

Alinisukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Bega la kulia likapanda. Nilikuwa nalisubiri, nikaliachia. Uzito ukashuka kwenye miguu, kifua kikampa nafasi, na msukumo wake ukaingia ukaishia ardhini. Sikusogea. Akanisukuma tena kwa nguvu zaidi. Nilimsikia. Si mkono tu: nilisikia mzee aliyekaa miezi tisa akitazama uso wa binti yake, na hana la kuufanya. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, na nilikuwa nimeshakaa na yangu muda wa kutosha kuweza kutofautisha. Mara ya tatu mikono yake ilinigusa tu, ikabaki pale kifuani.

"Nani nakufundisha kusimama namna hii?" aliuliza.

"Mchina mmoja, afande. Anaumwa tumbo."

Alinitazama kuona kama namtania. Halafu akaniambia nitoke kwake, na nisije tena kabla ya Jumapili nyingine.

Nilifika kwenye barabara ya taksi ndipo nikasikia alichosema.

Jumapili nyingine alinipa mabati nishike huku yeye anapiga misumari. Jumapili ya tatu mke wangu alitoka jikoni, akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo na mimi. Binti yetu alisimama nyuma yake, ameshika gauni lake. Alikuwa amerefuka. Nilifungua mdomo nianze hotuba niliyoitunga njia nzima.

"Hapana," alisema mke wangu. "Wewe kila siku unasema. Leo mimi nasema."

Akasema. Alianza siku ya kwanza, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau, akaja nayo siku kwa siku. Alikumbuka nguo nilizovaa. Alikumbuka jirani aliyeongeza sauti ya redio ili asisikie. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa kweli, au mimi nilikumbuka vingine, na bega likapanda kwenda kumsahihisha. Nikaliachia. Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilikuwa kweli tupu na ndilo lilinipandisha zaidi. Nikaliachia hilo pia. Kusimama mbele ya kisu ujanani kulichukua dakika chache, na watu walinipigia ngoma. Hapa nilikaa mchana mzima, na hakuna aliyepiga ngoma, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Alipomaliza nilimwambia kwamba nimesikia.

"Umesikia kweli?"

"Nimesikia."

"Hatuendi leo," alisema. "Wala mwezi huu."

Nilikubali. Nilikwenda kila Jumapili tangu masika mpaka mahindi yakavunwa. Nikifika mapema kabla hawajatoka kanisani, nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba na kufanya mazoezi yangu. Kuna mwanzo wa ile michezo ya polepole: umesimama, mikono imening'inia, kisha unaiinua yote miwili mbele yako mpaka usawa wa mabega, taratibu sana, pumzi ikiingia, halafu unaishusha. Ni hilo tu. Ndilo jambo la kwanza analofundishwa mtu na fundi alisema ndilo la mwisho analolijua.

Siku moja nilikuwa katikati ya kuinua nikahisi natazamwa. Binti yetu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, viatu vya kanisani mkononi. Mikono yangu ilikuwa hewani. Niliona yake ikianza kupanda kwenda kichwani. Sikujua nifanye nini. Kushusha ghafla ni kumtisha, kusimamisha ni kumtisha. Nikaendelea kama nilivyofundishwa, polepole hivyo hivyo, ili aone mwendo wote tangu unapoanza hadi unapoishia, na kwamba hauishii kwake. Mikono ilifika mabegani, ikageuka, ikashuka. Nikainua tena. Yake ilibaki hapo ilipofika, nusu ya njia. Mara ya tano au ya sita aliweka viatu chini, akaja mpaka mbele yangu, na mikono yangu ilipokuwa inapanda akaweka viganja vyake vidogo chini ya viganja vyangu, kama anayesaidia kubeba kitu. Tukainua pamoja. Alikuwa anasikiliza. Nilisikia mikononi kwamba bado anaogopa, na kwamba ameamua kuja hivyo hivyo.

Mke wangu alituona. Wakati wa kunisindikiza barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aondoke Jinja, alisema, "Sisi tutaregea. Lakini wewe uregee kwanza."

Kwa namna walivyosema watu wa soko la Nakaloke alikuwa ananiambia nirudi Jinja nikatengeneze nyumba, yeye na mtoto watafuata. Mimi masikio yangu yalishaharibiwa na Mchina. Nilisikia yote mawili, nikamjibu yote mawili kwa mara moja: "Naregea."

Fundi hakuwepo walipofika. Alikuwa amehamishwa, mashine zetu zimeshatulia, ameondoka na suruali zake na karanga zake, na mpaka leo sijui yuko wapi. Asubuhi ya mwisho nilimuuliza kama anadhani nimejifunza. Alinisukuma kwa kidole, nikampisha, akala karanga. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Sikupata kuwa mpiganaji. Vijana wa Walukuba walinijia miaka ya mbele wakitaka niwafundishe kuruka, nikawaambia simameni, wengi wakaregea kwao kwa mguu uleule kama nilivyofanya mimi.

Lakini nataka kumalizia na asubuhi ya pili baada ya wao kurudi. Mke wangu alikuwa nje anawasha jiko. Binti yetu alikuwa ameketi pale pale chini ya rafu, sahani ya muhogo mapajani. Nilitaka chai. Nilisahau. Ndiyo, baada ya mwaka mzima wa kulitazama bega langu, nilikuwa na usingizi na nikasahau, nikanyanyua mkono wa kulia upesi kama mtu yeyote anayetaka kikombe chake, na mkono ulipofika juu ndipo nikakumbuka. Niliganda hapo. Niliogopa kutazama chini.

"Baba," alisema, mdomo umejaa muhogo. "Na changu."